Mnara Ulioinama

Mke na mume wakitembelea mji wa Pisa, nchini Italia, hupigiana picha: bwana ananyoosha mikono kama anauzuia mnara usianguke, bibi anacheka. Mnara huo ulianza kujengwa mwaka 1173. Msingi wake ulikuwa wa mita 3 tu, tena katika udongo laini. Walipofika ghorofa ya tatu, ukaanza kudidimia upande mmoja. Vita vikasimamisha kazi karibu miaka 100. Kumbe vita viliuokoa! Udongo ulipata muda wa kushikana.

Mwaka 1990 ulifungwa, ikawa marufuku kupanda. Mafundi walichimbua udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka. Mnara ukarudi sentimeta 40 hivi. Ulifunguliwa tena mwaka 2001.

Swali: Kwa nini hawakuchimba upande ulioinama?