Barua za Jane Welsh Carlyle kwa Wandani Wake: Mwandishi, Mwandikiwa na Mhariri

Utangulizi

Barua ya kibinafsi ni utanzu unaopuuzwa mno katika uhakiki wa fasihi. Wanafunzi wengi huifahamu kama kanuni za anwani, tarehe na kimalizio walizofunzwa shuleni, au kama mbinu ya riwaya. Mfano wa mbinu hii ni jinsi Mariama Bâ anavyomfanya Ramatoulaye amwandikie Aissatou katika riwaya inayojulikana kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii. Katika riwaya ya aina hii, anayeandika na anayeandikiwa ni wahusika wa kubuni, na msomaji ndiye aliyelengwa tangu mwanzo. Barua halisi haiko hivyo.

Makala haya yanachunguza barua za Jane Welsh Carlyle (1801-1866), mke wa mwanahistoria na mwandishi wa insha Thomas Carlyle. Yananuia kuonyesha kuwa barua ya kibinafsi haiwezi kuhakikiwa ipasavyo pasipo kuuliza maswali matatu: iliandikiwa nani, ilihifadhiwa na nani, na ilihaririwa na nani?

Usuli wa Mwandishi

Jane alizaliwa katika mji wa Haddington, Uskoti, akiwa mtoto wa pekee wa daktari. Alipata elimu pana, ikiwemo lugha ya Kilatini, wakati ambapo wasichana wengi hawakufunzwa. Aliolewa na Carlyle mwaka wa 1826, na kuanzia 1828 wakaishi Craigenputtoch, shamba la mbali lenye upweke mwingi. Mwaka wa 1834 walihamia mtaa wa Chelsea, London. Huko nyumba yao ilitembelewa na watu mashuhuri kama vile Charles Dickens na Giuseppe Mazzini.

Licha ya kipawa chake cha usimulizi, Jane hakuchapisha kitabu chochote maishani mwake. Kipawa hicho alikitia katika barua. Aidha, mazingira ya kihistoria yalimsaidia. Kabla ya 1840, gharama ya barua nchini Uingereza kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, kulingana na umbali na idadi ya karatasi. Mageuzi ya mwaka huo yaliweka ada ya senti moja ya Kiingereza kwa barua nyepesi popote nchini. Mwanamke asiye na jukwaa sasa aliweza kuwafikia wandani wake mara kwa mara bila kuwatwika mzigo.

Iliandikiwa Nani?

Sauti ya Jane hubadilika kulingana na mwandikiwa. Kwa binamu yake Jeannie Welsh, aliyeishi Liverpool na ambaye alimpa jina la utani Babbie, yeye ni mcheshi na mwenye kejeli kali. Vita vyake dhidi ya kunguni, vituko vya watumishi, na ghadhabu za mumewe dhidi ya jogoo na piano za majirani hugeuka kuwa tamthilia ndogo. Hata hivyo, ni kwa Babbie huyo huyo alikodokeza uchungu uliomwingia Carlyle alipovutiwa na urafiki wa Lady Harriet Baring. Kicheko na kilio hukaa katika ukurasa mmoja.

Kwa Mary Russell, mke wa daktari wa Thornhill, toni ni nyingine kabisa. Thornhill ilikuwa karibu na nyumba ambamo mamake Jane alifariki mwaka wa 1842. Kupitia kwa rafiki huyu, Jane aliwatumia vizee waliomfahamu mamake zawadi ndogo ndogo. Hapa kejeli hupungua na nafasi yake kuchukuliwa na huruma. Baada ya Jane kuanguka barabarani mwaka wa 1863 na kuteseka kwa maumivu makali, ni nyumbani kwa akina Russell alikopata hifadhi mwaka uliofuata.

Ulinganisho zaidi hupatikana katika barua ya 1857 kwa Mary Smith, mwalimu wa Carlisle ambaye hakuwa mwandani wake. Jane anasimulia jinsi alivyojifunza kuoka mikate huko Craigenputtoch kwa sababu mkate wa mjini ulimdhuru mumewe tumboni. Akikesha peke yake kandokando ya tanuri, alimkumbuka Benvenuto Cellini akingojea sanamu yake ya Perseus itoke motoni, akatambua kuwa subira na bidii vyaweza kuwa na thamani ile ile katika mkate na katika sanamu. Kwa mgeni, Jane anatoa funzo lililokamilika. Kwa mwandani, anatoa jeraha lisilofungwa.

Ilihifadhiwa na Nani?

Mwandani wa karibu zaidi huenda alikuwa mwandishi wa riwaya Geraldine Jewsbury. Hata hivyo, kabla ya kifo chake mwaka wa 1880, Geraldine aliziharibu barua za Jane alizokuwa nazo. Barua za Geraldine kwa Jane zilisalia na baadhi zikachapishwa mwaka wa 1892. Msomaji yumo katika hali ya mtu asomaye malumbano ya washairi wawili ambamo beti za mmoja zimepotea: anasikia majibu, ila hoja yenyewe haipo. Uaminifu uliomlinda rafiki ndio uliomnyima msomaji.

Ilihaririwa na Nani?

Jane alifariki ghafla ndani ya gari lake la farasi jijini London tarehe 21 Aprili 1866. Carlyle, akiwa na majuto, alikusanya barua zake na kuziandikia maelezo, kisha akamkabidhi J. A. Froude, aliyezichapisha mwaka wa 1883 katika majuzuu matatu. Hivyo umma ulimjua Jane kupitia toba ya mumewe. Mwaka wa 1903 Alexander Carlyle, mpwa wa Thomas, alitoa mkusanyiko mwingine uliokusudia kumpinga Froude. Barua ziligeuzwa ushahidi katika kesi ya ndoa, huku usanii wa aliyeziandika ukiwekwa kando. Ni tangu 1970, toleo la kitaaluma la Duke na Edinburgh lilipoanza kuzichapisha barua za mume na mke kwa kufuata tarehe, ndipo msomaji alipopata nafasi ya kuzisikia sauti zote mbili kwa usawa zaidi.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba barua ya kibinafsi haiakisi maisha moja kwa moja kama kioo. Ni sanaa inayoumbwa kwa ajili ya mtu mmoja, kisha ikapita mikononi mwa wengine wenye nia zao. Mhakiki anayezisoma barua za Jane ili kumhukumu Carlyle pekee anarudia kosa la wahariri wa kale: anamfanya mwandishi kuwa shahidi katika maisha yake mwenyewe. Jane astahili kusomwa kwanza kama mwandishi.