Taya la Mtoto Likivimba

Mama, shavu la mtoto wako likivimba na meno yake kulegea kabla ya wakati, usikimbilie kuyang'oa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Hayakuwa meno mabovu, ilikuwa saratani; nayo huonekana hasa penye malaria nyingi, kama huku kwetu Kisangani.

Picha ya radio husaidia kuitambua mapema. Ule mstari mweupe, mwembamba kama uzi, uzungukao mzizi wa jino, hufutika. Ni mdogo mno; mganga asiyefundishwa kuutafuta huupita. Kisha kipande cha uvimbe hukatwa kipimwe. Uvimbe huo hukua upesi, hata kwa siku chache, lakini dawa huuyeyusha, na wengi waletwao mapema hupona. Mlete juma hili hili.