Mwenye Kuuliza Habari za Kujiua: Somo katika Adabu ya Kumjibu Aliyekata Tamaa



 

Katika mas-ala anayoulizwa mwalimu wa dini, yako yaulizwayo kwa kutaka elimu, na yako yaulizwayo na mtu aliyezama atafutaye pa kushika. Mtu husimama mlangoni mwa msikiti baada ya Isha, watu wakisha kutawanyika. Imamu hamjui, wala yeye hamjui imamu. Huenda ametoka Kiwani akaja Chake Chake, au ametoka Konde akashuka Wete, mji ambao hapana amjuaye kwa jina la baba yake. Hutoa salamu, kisha huuliza: Je, Sheikh, mtu aliyejiua husaliwa? Au: Je, mtu huyo hana msamaha kabisa? Na upesi huongeza yakuwa amwulizia rafiki yake.

Mwalimu mwenye haraka humjibu kwa maneno mawili akafunga mlango. Na jawabu lake huenda likawa sahihi kwa mujibu wa vitabu, na juu ya hayo akawa amemwacha mtu aende akafe. Kwani aliyeuliza hakuja kwa ajili ya maiti. Amekuja kwa ajili ya nafsi yake.

Wako wastaajabuo: kwa nini mtu mwenye baba na ndugu na jirani amwendee asiyemjua? Sababu yake haifichiki kwa mwenye kukijua kisiwa. Nyumba zimekaribiana, na neno lililosemwa kisimani alfajiri hufika ng'ambo ya pili kabla ya Adhuhuri. Mtu ambaye msimu wa karafuu umempita mtupu na deni liko pale pale, au kijana aliyerudi kutoka Maskati mikono mitupu na mjini watu wangoja zawadi, au mume ambaye maradhi yamemnyima kulisha wanawe, huona haya kumwambia amjuaye. Huogopa kuitwa mwendawazimu. Huogopa kuambiwa imani yake ni haba. Kwa mgeni hupata sitara, kwani mgeni hana wa kumpelekea khabari. Lakini mgeni huyo huyo hajui deni lake wala usiku wake usio usingizi, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapo ndipo jawabu jepesi linapokuwa na khatari.

Na khatari ya jawabu hilo si neno jipya katika dini. Amepokea Jabir (R.A.), nayo imo katika Sunan ya Abu Dawud, yakuwa watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akaota, yakampasa majosho. Akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamjibu yakuwa hawamwonei rukhsa maadamu ayaweza maji. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfika Mtume (S.A.W.) aliwakasirikia sana, akawahukumia yakuwa wao ndio waliomwua, na akabainisha yakuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza. Itazame hadithi hii vema. Aliyeuliza hakukosa, alifanya lililompasa. Waliojibu ndio walioangamiza, na wala hawakumgusa kwa mkono.

Na katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imo hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.) ya mtu wa umma uliotangulia aliyeua watu tisini na tisa. Alitaka toba, akaelekezwa kwa mtawa mmoja, mwingi wa ibada mchache wa elimu, naye akamwambia hana toba. Akamwua huyo mtawa, wakatimia mia. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni. Huyu alimjibu yakuwa hapana awezaye kumzuilia toba, na tena akamwamuru aihame nchi yake ya uovu aende kwa watu wanaomwabudu Mungu, akae nao. Akafa njiani, na malaika wa rehema ndio waliomchukua. Wasomaji wengi huisimamisha hadithi hii kwenye toba peke yake. Lakini mwanachuoni yule alifanya mambo mawili: alifungua mlango, kisha akamwonyesha muulizaji mahali pa kwenda na watu wa kukaa nao. Hakumpa jawabu akamwacha njia panda.

HUKUMU YAKE

Hukumu ya kujiua haifichwi wala hailegezwi. Ni haramu, tena ni katika madhambi makubwa, na makatazo yake yamo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, na vitisho vikali vimepokewa na Abu Huraira (R.A.) na wengineo. Lakini na itazamwe aya yenyewe namna inavyokoma: baada ya kukataza yataja yakuwa Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwahurumia waja. Makatazo yametoka katika huruma, na mwalimu asiyatenge na asili yake.

Aliyejiua hatoki katika Uislamu kwa kitendo hicho, maadamu hakukihalalisha. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni 1277) katika sharhe yake ya Muslim ameieleza hadithi ya Jabir bin Samura, yakuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti wa namna hiyo asimsalie. Akasema yakuwa Imamu Shafi, na Malik, na Abu Hanifa, na maulamaa walio wengi, wameshika yakuwa husaliwa. Na kule kujizuia kwa Mtume kulikuwa ni kuwakanya watu, na masahaba walimsalia. Basi huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, na huzikwa katika makaburi ya Waislamu. Na maulamaa wa madhehebu ya Shafi wametaja kafara itoke katika mali aliyoiacha. Tena katika Muslim imo khabari ya sahibu wa Tufail bin Amr (R.A.), aliyeshindwa kuyavumilia maradhi Madina akajidhuru mikono hata akafa, Tufail akamwona usingizini katika hali njema, na mikono kaifunika, akamweleza yakuwa amesamehewa kwa sababu ya kuhama kwake. Mtume (S.A.W.) akaiombea maghfira hata ile mikono. Kwa hadithi hii Nawawi ameithibitisha kanuni ya Ahlus-Sunna yakuwa mtu huyo yu katika mashia ya Mwenyezi Mungu.

Hapa pana jambo linalotaka akili. Khabari hizi za maghfira ni za kuwapoza wafiwa, mama aliyefiwa na mwanawe akaambiwa na majirani wasio na haya yakuwa mwanawe ni kafiri. Kwa yule aliye hai, aliyesimama mlangoni, si hizo za kutangulizwa. Akiambiwa kwamba hana msamaha milele, huona yakuwa amekwisha potea, na aliyepotea hana anachokiogopa tena. Na akitangulizwa khabari za msamaha wa maiti, huenda akazichukua kuwa ni rukhsa. Jawabu lake ni kwamba jambo hilo ni haramu, na kwamba mlango wake yeye u wazi sasa hivi, naye yungali na pumzi. Na aambiwe pia yakuwa yale yampitiayo moyoni hayakumtoa katika dini, kwani umma huu umesamehewa yasemwayo na nafsi maadamu hayajatendwa. Wako waliobeba mzigo wa wazo hilo miaka, wakidhani wamekwisha kufuru kwa kuliwaza tu.

Kisha mwalimu amtazame Bibi Maryam. Katika Sura yake, aya ya 23 na zilizo baada yake, uchungu ulipomshika penye shina la mtende alitamani lau angalikufa kabla ya hayo. Yeye ni siddika, hapana atakayesema imani yake ilikuwa haba. Na alijibiwa nini? Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaamriwa autikise mtende umwangukie tende mbivu, ale na anywe na jicho lake litulie. Aliyekata tamaa mara nyingi hakula tangu jana, wala hakulala. Kikombe cha maji na sahani ya chakula ni katika jawabu.

NAMNA YA KUMKABILI

Amkaribishe ndani, amkalishe, wala asitazame saa. Amwulize waziwazi, kwa upole, kama ni yeye mwenyewe anayetaka kujiua. Wengi huogopa kulitamka neno hili, wakidhani litamtia wazo asilokuwa nalo. Matabibu na Shirika la Afya Ulimwenguni wamebainisha yakuwa sivyo: kuulizwa humwondolea mtu upweke. Akikiri, aulizwe kama amekwisha kuazimu wakati na njia, na kama kile alichokiazimia ki karibu naye. Ikiwa ndivyo, basi asiachwe peke yake hata dakika moja, na kitu hicho kiondolewe mbali naye usiku ule ule.

Na mtu asiseme kuwa wakati wa sala umemfika. Sultanul-ulamaa Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki mwaka 660 wa Hijra), naye ni katika vigogo vya madhehebu yetu, ameeleza katika Kawaid yake yakuwa kumwokoa mwenye kuzama hutangulia kusali, kwani sala yaweza kulipwa. Na aliyefunga Ramadhani akiwa hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, basi na afungue. Sala ina kadha, roho haina.

Siri yake ni amana. Lakini amana hailindwi kwa kumpoteza mwenyewe. Nawawi ameyahesabu mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu asipokuwapo, na kutaka msaada wa kuondoa munkari ni mojawapo. Basi amwambie mbele yake: Jambo hili tutamwambia mtu mmoja, nani umwaminiye? Mjomba, au mkwe, au mwenziwe wa ngalawa. Asimwendee mtu kwa mlango wa nyuma, kwani akigundua hatamwambia mtu tena neno lake.

Wako wasemao yakuwa dawa ya haya yote ni dhikri, na mwenye kuhuzunika ni kwa kuiacha. Imamu Ghazali mwaka 488 (nao ni 1095), naye ndiye mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdadi, ulimi wake ulifungwa asiweze kusomesha, na chakula kikamshinda kumeza, hata matabibu wakakata tamaa naye. Je, alikuwa hajui dhikri? Na kabla yake Abu Zaid al-Balkhi (aliyefariki mwaka 322 wa Hijra) aliandika kitabu juu ya afya za miili na nafsi, akaigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa na kupotelewa na mali, na isiyokuwa na sababu ijulikanayo, ambayo alisema asili yake i mwilini nayo yataka tiba ya mwili. Basi kusomewa ni kwema, na asomewe. Lakini apelekwe na hospitali, iwe ya Chake Chake au Wete au ya Abdulla Mzee iliyoko Mkoani. Na wakiona haja watampeleka Kidongo Chekundu, Unguja. Ama kumfunga minyororo na kumpiga ili shetani atoke, hiyo ni dhulma, na aifanyaye atajibu mbele ya Mola wake.

Mtu asidhani kuwa balaa hii ni ya kisiwa kimoja. Shirika la Afya limekadiria kuwa mwaka 2021 walikufa kwa kujiua watu 727,000 ulimwenguni, na kwa wenye miaka 15 hata 29 ni sababu ya tatu ya mauti. Uingereza iliacha kumhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosa mwaka 1961, na Kenya Mahkama Kuu ya Nairobi iliitangua sheria ya namna hiyo Januari 2025, kwani mtu aogopaye jela hatasema shida yake.

Na hekima ni kitu kilichompotea Muumini, huichukua popote aionapo. Kasisi mmoja wa Kiingereza, Chad Varah, mwaka 1935 alimzika msichana aliyejiua kwa kuona damu ya hedhi akadhani ni maradhi ya aibu, asiwe na wa kumwuliza. Mwanafunzi wa madrasa husomeshwa mlango wa hedhi katika Safina kabla hajabaleghe. Basi na walimu waijue neema hiyo, wasiuruke mlango huo kwa kuona haya. Mwaka 1953 kasisi huyo alifungua London simu ya kupigwa na waliokata tamaa. Akawa na watu wa kujitolea, kazi yao kuwapikia chai waliongoja zamu. Akaona yakuwa wengi, wakisha kunywa chai na kusikilizwa na wale, hawakumhitaji tena yeye. Aliwakabidhi kazi mwaka uliofuata. Watu wale hawakuwa maulamaa wala matabibu. Walijua kunyamaza na kusikiliza.

Na Zimbabwe, Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi ya akili, alifiwa na mgonjwa wake mwaka 2005, binti ambaye jamaa zake hawakuwa na nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006 akawafundisha bibi wazee kumi na wanne wa Harare kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye dhiki. Mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa watu 573, ukaonyesha yakuwa waliosikilizwa na mabibi hao walipungukiwa na huzuni kuliko wenzao. Watu wa pwani, ambao kila nyumba yao ina baraza, hawana haja ya kuagizia benchi. Kinachotakiwa ni kwamba barazani pawe na mzee mmoja ambaye mtu aweza kumwambia neno likalala pale pale.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo lisahauliwalo. Aliyemsikiliza mgeni usiku ule amwulize jina lake na kwao, na siku ya tatu amwendee, na wiki ya pili amwendee tena. Ikiwa huyu yuko Wete na yule Kiwani, nauli ya gari itoke mfukoni mwake, au ichangwe na watu wa baraza, na wasiambiwe ni ya nani. Isichukuliwe katika sanduku la wakfu wa msikiti, kwani mali ile ina sharti ya aliyeiweka.