Ebola: siku 21 zinatuonyesha ugonjwa unaelekea wapi

Mkulima akiona tunda moja la kakao limeoza, anaangalia kwanza miti ya karibu. Kwa Ebola ni vile vile. Hatari inaanzia kwa wale wanaomtunza mgonjwa nyumbani, waganga na wauguzi, na wale wanaoosha maiti. Mtu ambaye hajaanza dalili haambukizi wengine.

Toka kuambukizwa mpaka dalili kutokea ni siku 2 hadi 21. Njo sababu kila aliyemgusa mgonjwa anaandikwa na kufuatiliwa siku 21. Tuseme mgonjwa mmoja anaambukiza wawili, kila duru majuma mawili hivi: kisha duru nne, wagonjwa wapya ni 16. Kama kila mmoja anaambukiza chini ya mtu mmoja, ugonjwa unazimika polepole.

Lakini kuna ulizo moja linalopita hesabu hiyo yote: mgonjwa mpya alikuwa kwenye orodha? Kama ndiyo, njia ya ugonjwa inaonekana. Kama hapana, kuna watu wengine wanaugua mahali hatuoni, na makisio yetu yanabaki ya kubahatisha.

Watu wa Beni wanajua. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1/8/2018. Mwezi wa 4 mwaka 2020, zaidi ya siku 50 zilikuwa zimepita bila mgonjwa mpya, na mwisho ulikuwa karibu kutangazwa. Tarehe 10 akatokea mgonjwa ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote. Ikabidi kungoja mpaka tarehe 25/6. Jumla: wagonjwa 3,470, na waliokufa 2,287.

Kwa nini jina linafichwa? Mara nyingi ni juu ya shamba. Anayefuatiliwa anaombwa asisafiri, na kakao haingoji siku 21. Basi komite ikate shauri mapema, mbele ugonjwa haujafika: nani atavuna kwake, salongo itafanyika siku gani, na makuta ya mavuno yake yataandikwa wapi.

Siku ya kupima kakao, mwandishi aandike jina na kijiji cha kila aliyefika, hata mbeba mizigo (huyo tunamsahau kila mara). Akitokea mtu aliyekuja akiwa tayari na homa, kaye ile ipewe timu ya afya peke yake. Isisomwe mbele ya mkutano.