Dondoo muhimu: Namba kwanza, jina la klabu baadaye

Ukiitwa Silver Strikers au Civil Service United, klabu za Lilongwe, kijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hongera sana. Ila kabla hujasaini, muulize kocha: kwenye namba yangu mpo na wachezaji wangapi, na wa akiba wanacheza mechi zipi? Akikwepa swali, jua utasugua benchi. Mazoezi ya msimu mzima hayafikii dakika 90 za kila wiki kwenye uwanja wa vumbi wa klabu ndogo, ambako beki anakukaba kwelikweli na kosa lako linawagharimu wenzako.

Mtazame mchezaji wa Malawi Tabitha Chawinga, binti wa Rumphi aliyepitia DD Sunshine ya Lilongwe. Mwaka 2014 alikwenda Krokom, klabu ndogo ya Sweden. Akacheza, akafunga. Msimu wa 2022/23 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya wanawake Italia, akiwa Inter Milan.

Uliza pia: nauli ya kutoka Dowa, iliko kambi, hadi Lilongwe analipa nani? Kibali cha kutoka kambini anakishughulikia nani? Yaandikwe kwenye mkataba, na mzazi ausome. Wakala anayemwahidi Ulaya mtoto wa chini ya miaka 18 huku akidai pesa kwanza, mkatalieni: FIFA huruhusu uhamisho huo kwa sababu chache maalumu tu.