Muziki wa simu: Ni sauti pamoja na saa zinazoharibu masikio

Mwezi uliopita kijana wa miaka 26 aliingia katika chumba changu cha matibabu akifuatana na mamake. Anaendesha mashine ya kuchumia majani chai katika shamba moja kubwa kati ya Kericho na Bomet. Shida yake aliieleza kwa maneno machache: "Daktari, masikio yangu yanalia. Mchana si sana, lakini usiku ni kama nyenje." Mamake alikuwa amekwisha kumtilia mafuta vuguvugu akidhani mdudu ameingia. Kisha mama akaongeza jambo ambalo mwanawe hakulitaja: "Siku hizi nikimwita, ananitazama mdomo."

Nilimchungulia masikio yote mawili. Hakukuwa na mdudu, usaha wala nta, na kiwambo cha sikio kilikuwa kizima. Nikamwomba anionyeshe simu yake. Ndani yake mlikuwa na kadi ya gigabaiti 8 iliyojaa nyimbo, za Kikalenjin, za injili na nyingine kutoka ng'ambo, zote alizowekewa katika kibanda kimoja cha simu huko Litein. Visikizi, yaani vile vispika vidogo vya kutia masikioni, vilikuwa vimening'inia shingoni. Alivaa saa moja asubuhi, akavua jioni, siku sita kwa wiki. Sauti aliifungua hadi mwisho, kwa sababu bila hivyo injini ya mashine ingeumeza wimbo.

Tangu hapo nimewauliza wagonjwa wengine wa umri wake, na wengi hunijibu kwa swali: je, si muziki tu? Tena hautumii intaneti, kwa hivyo hauna miale yoyote. Hapo ndipo penye kosa. Miale ya simu haihusiki na jambo hili hata kidogo. Kinachoumiza sikio ni sauti yenyewe, nguvu yake ikizidishwa kwa saa inazodumu. Na nyimbo zilizohifadhiwa ndani ya simu zimeongeza zile saa kwa namna ambayo wazee wetu hawakuijua.

Hebu fikiria. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet na kuwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika huku kwa santuri. Santuri za enzi hizo zilicheza kama dakika tatu kila upande, kisha mtu alilazimika kuigeuza na kupiga gramafoni wenzo tena. Isitoshe, ilisikilizwa na watu wengi pamoja, sikio likiwa mbali na tarumbeta yake. Baadaye ikaja kaseti, ambayo upande mmoja ulikwisha baada ya dakika 30 au 45, na betri zikichoka mwimbaji akaanza kuvuta maneno kama mlevi. Redio nayo, iwe Kass FM au Chamgei FM, huleta taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Hata anayesikiliza nyimbo moja kwa moja kutoka intaneti, bando humkatiza.

Kadi ya gigabaiti 8 haina adabu hiyo. Wimbo wa dakika nne huchukua takriban megabaiti nne, basi kadi hiyo hubeba karibu nyimbo 2,000, ambazo ni zaidi ya saa 130 za muziki bila kurudia hata mmoja. Hakuna kinachousimamisha ila betri, na siku hizi vijana hubeba pawabanki.

Sasa tuingie ndani ya sikio. Sauti hupiga kiwambo, ikapita katika vifupa vitatu vidogo, ikaingia katika kifuko chenye majimaji kilichojikunja mfano wa konokono. Humo mna seli kama 15,000 tu kwa kila sikio, kila moja ikiwa na vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Majimaji yakitikisika, vinywele hupinda, nazo seli hupeleka habari kwenye ubongo. Zikitikiswa kwa nguvu kwa muda mrefu huchoka kama mgongo wa mchuma chai, na ndiyo maana baada ya sherehe yenye vipaza sauti vikubwa mtu husikia mlio na dunia ikawa kama imefunikwa blanketi. Akipumzika, huenda hali ikarejea. Lakini zikichoshwa kila siku hufa, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Kuku wanaoparura nyuma ya nyumba yako wamejaliwa kuliko wewe katika hili: tangu miaka ya 1980 wanasayansi wamejua kwamba seli za sikio la kuku zikifa huota nyingine.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Kipimo hiki kina ujanja wake. Kila ukiongeza desibeli tatu tu, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu, na saa zako hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 una saa 20 kwa wiki. Kwa 86 una saa 10. Kwa 89 una saa tano. Ukifika 90 umebakiwa na kama saa nne, na kwa 100 ni dakika 20 kwa wiki nzima. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho zinaweza kufika hiyo 100 au kuipita.

Mrudie sasa yule kijana. Tuseme injini inampigia desibeli 90. Ili ausikie wimbo juu ya kelele hiyo, lazima aupandishe zaidi ya 90. Kibali chake cha wiki nzima kinakwisha Jumatatu kabla ya chakula cha mchana, naye bado ana mchana wa Jumatatu na siku tano nyingine za kufanya kazi. Yeye aliniambia kwa moyo mweupe kwamba visikizi vilikuwa vinamkinga na kelele ya mashine. Nimelisikia jambo hilo kwa watu wengi kiasi cha kutosha kunitia hofu. Kisikizi cha kawaida hakizuii kelele ya injini; huongeza kelele ya pili karibu zaidi na kiwambo. Pamba nayo haisaidii.

Mchuma chai wa mkono yuko katika hali tofauti kabisa, nami sipendi kumwekea mzigo usio wake. Kule shambani, mahali palipo kimya, anachuma majani mawili na kichipukizi huku akisikia ndege na soga za wenzake. Muziki wa sauti ya chini unamtosha, na kazi ile ni ndefu, tena yenye baridi na umande. Sioni kwa nini anyimwe wimbo. Ila atie kisikizi katika sikio moja tu, na cha pili akiache nje ili asikie pikipiki njiani na ngurumo zikianza. Kericho tunajua mvua ya mawe na radi inavyokuja ghafla alasiri, na mtu aliyeziba masikio ndiye wa mwisho kukimbilia nyumbani. Na hata kwa sikio moja asipandishe sauti kufidia lile jingine.

Kwa waendesha mashine na wafanyakazi wa viwandani, katika vyumba vya kusaga majani, ninasema bila kuzunguka: muziki wa masikioni usiwepo wakati mashine inanguruma. Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Ikiwa mwenzako amesimama umbali wa mkono mmoja na unalazimika kupiga kelele ili akusikie, kelele hiyo inatosha kukuharibu. Hapo vaa vizibo vya sponji au vifuniko vya masikio. Kanuni za kelele kazini zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kuwekwa penye zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane kwa siku, na ni haki yako kumwomba mwajiri vifaa hivyo. Kizibo cha sponji kivingirishe kwa vidole vilivyo safi hadi kiwe chembamba, uvute sikio juu kwa mkono wa pili, ukitie, kisha ukishikilie hadi kifure. Wengi hukibandika mlangoni tu, halafu wakalalamika kwamba hakifai.

Kuna jambo jingine la kumfikirisha mfanyakazi. Kijana wetu nilimtuma apimwe usikivu, na mchoro ulionyesha shimo penye sauti nyembamba za hezi 4,000, masikio yote mawili. Shimo hilo ndilo alama ya madhara ya kelele. Lakini mchoro hausemi kama kelele ilitoka kwa injini ya mwajiri au kwa simu ya mfanyakazi. Siku atakapodai fidia, nani atazitenganisha?

Kwa nini hakugundua mapema? Sauti zinazotangulia kupotea ni zile nyembamba za kuzomea: s, sh, f, th. Mtu humsikia mwenzake akisema, lakini hajui kama amesema "fika" au "shika". Mimi hushuku kwamba huku kwetu ugonjwa huu hujificha zaidi nyumbani, kwa kuwa Kikipsigis hakina sauti za namna hiyo ila s pekee. Kijana aliniambia ni kanisani, Kiswahili kikihubiriwa, ndipo alipoanza kupotewa na maneno. Wengine hudhani ni watoto wanaonong'ona siku hizi.

Kwa yeyote anayesikiliza nyimbo za simu, anza kwa kupunguza sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wake. Weka mapumziko wewe mwenyewe, maana kadi haitakuwekea; panga orodha ya nyimbo za saa moja kisha ikwishe. Jihadhari pia na nyimbo zilizokusanywa kutoka sehemu mbalimbali: mmoja umerekodiwa chini, unaofuata unalipuka. Mtu hupandisha sauti kwa ajili ya ule wa kwanza, na wa pili ukampiga kofi. Simu nyingi za kisasa hutoa onyo sauti inapozidi kiasi, nawe huligusa tu ili liondoke. Lisome. Kwa watoto, kiwango cha WHO ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa hizo 40.

Si kila mlio hutokana na muziki. Nta iliyojaa huleta mlio, na kuiondoa ni kazi ya dakika chache kliniki. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti. Kwinini iliwapigia wazee wetu kengele masikioni, na kwa kawaida ilikoma dawa ilipokwisha. Sindano za jentamaisini na streptomaisini zaweza kuharibu seli zilezile nilizozitaja, basi mwambie daktari ikiwa umewahi kudungwa. Usaha unaotoka sikioni unahitaji matibabu yake. Na ikiwa sikio moja limeziba ghafla, kwa saa chache au ukiamka asubuhi, bila mafua wala nta, usingoje wiki ipite. Huo ni mmoja wa upotevu wa kusikia unaoweza kutibika, lakini dawa hufaa zaidi zikianza katika siku za kwanza. Nenda hospitalini siku hiyohiyo, uulizie daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ya Kericho au Longisa.

Kijana wetu alirudi baada ya majuma matatu. Seli zake zilizokufa siwezi kumrudishia, nami nilimweleza hivyo mbele ya mamake. Sasa anafanya kazi na vifuniko vya masikio, simu ikiwa mfukoni imezimwa. Mlio wa usiku umepungua kidogo, lakini upo. Nilimshauri asilale katika kimya kitupu, kwa sababu kimya huupa mlio nafasi. Kwa hivyo jioni huchomoa visikizi, akaiweka simu juu ya meza mbali na kitanda, akaichezesha kwa sauti ya chini, chini kuliko ya mvua juu ya mabati. Anasema nyenje bado anamsikia, ila usingizi humchukua kabla hajamhesabu.