Kumpokea Mwalimu Mwenye Ulemavu Kazini: Somo la Vipindi Viwili kwa Wanachuo

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya ualimu tunawafundisha wanachuo namna ya kumsaidia mtoto asiyeona, kiziwi, au mwenye ulemavu wa viungo. Jambo hili ni jema na halina budi kuendelea. Hata hivyo, upo upande mwingine ambao mara nyingi tunaupita upesi. Watoto hao hukua, husoma, huhitimu, na baadhi yao huja kuwa walimu wenzetu. Je, mwanachuo wetu ameandaliwa kufanya kazi bega kwa bega na mwalimu wa namna hiyo? Shule ni mahali pa kujifunzia, lakini pia ni mahali pa kazi. Na chumba cha walimu kina desturi zake, ambazo zaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

Madhumuni ya makala haya ni kuwapa wakufunzi wenzetu somo fupi la vipindi viwili linaloweza kufundishwa kabla wanachuo hawajakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.

Umuhimu wa somo

Kwa upande wa sheria, msingi upo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ulemavu na mambo mengine kadha wa kadha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawataja walimu waziwazi: kifungu cha 24 kinazitaka nchi ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama au nukta nundu, wakiwamo walimu wenye ulemavu.

Lakini sheria humfikisha mwalimu mlangoni tu. Yanayofuata yamo mikononi mwa wenzake. Ubaguzi wa chuki ni rahisi kuutambua na kuukemea. Ulio mgumu zaidi ni ule unaovaa vazi la huruma. Mwalimu asiyeona huripoti shuleni, akaambiwa apumzike kwanza. Vipindi vyake hugawiwa wengine, zamu haandikiwi, na kwenye kamati za shule hatajwi. Hakuna aliyemtukana, kila mtu amemwonea huruma. Baada ya mwaka mmoja wale wale waliompunguzia kazi huanza kunong'ona kwamba hafanyi kazi. Hapo mwalimu huyo amekosa uzoefu na heshima, na amekosa pia rekodi ya kazi ambayo ingemstahilisha kupandishwa cheo. Nao wanafunzi wamejifunza, bila ya kufundishwa kwa maneno, kwamba mtu asiyeona ni wa kukalishwa kitini.

Andalio la somo

Shabaha: Mwishoni mwa somo kila mwanachuo aweze (a) kutofautisha kiini cha kazi na desturi ya kuifanya, (b) kupendekeza marekebisho ya kazi yasiyomnyang'anya mwenzake wajibu wake.

Zana: Ubao, chaki, ratiba ya shule ya msingi, orodha ya kazi za mwalimu, na ikiwezekana kibao cha nukta nundu pamoja na kalamu yake.

Kipindi cha kwanza: kuchambua kazi

Mkufunzi aanze kwa kuwataka wanachuo waorodheshe kazi za mwalimu kwa juma moja: kuandaa masomo, kufundisha, kusahihisha madaftari, kuita mahudhurio, kushika zamu, kuhudhuria vikao. Kisha kwa kila kazi waulizwe maswali mawili: kiini cha kazi hii ni nini? Na je, namna tunavyoifanya ndiyo kiini chenyewe, au ni desturi tu?

Tuchukue mfano wa kuandika ubaoni. Wengi watajibu kwamba asiyeona hawezi. Lakini kiini cha kazi hiyo ni wanafunzi kupata mambo muhimu ya somo mbele ya macho yao. Mwalimu aweza kutamka, mwanafunzi mmoja akaandika ubaoni, na darasa zima likasahihisha tahajia. Kusahihisha madaftari nako kiini chake ni mwalimu kujua nani ameelewa na nani hajaelewa. Maswali ya mdomo huonyesha jambo hilo vema. Na kazi za maandishi zaweza kusomwa kwa sauti na msaidizi, huku uamuzi wa alama ukibaki kwa mwalimu mwenyewe. Siku hizi zipo pia simu zinazosoma maandishi yaliyopigwa chapa kwa sauti.

Hapa yafaa kuwakumbusha wanachuo kwamba nukta nundu zenyewe ni kazi ya mwalimu asiyeona. Louis Braille alichapisha mfumo wake wa nukta sita mwaka 1829, naye alifundisha katika shule ile ile ya Paris aliyosomea.

Kisha darasa ligawanywe katika vikundi vitatu. Kikundi cha kwanza kijadili mwalimu kiziwi katika kikao: ajenda iandikwe mapema, mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja, wote wakae kwa duara ili nyuso zionekane, na mkalimani wa lugha ya alama atafutwe inapowezekana. Kikundi cha pili kijadili mwalimu mwenye ualbino, ambaye jua huiumiza ngozi yake na ambaye mara nyingi huona kwa shida vitu vya mbali: zamu yake ya nje iwe asubuhi mapema au jioni, na maandishi anayopewa yawe makubwa. Kikundi cha tatu kijadili mwalimu anayetumia kiti cha magurudumu: badala ya kumwondolea darasa lililo ghorofani, darasa lenyewe lihamishiwe chini.

Kipindi cha pili: igizo la kikao

Wanachuo wanane waigize kikao cha walimu kinachogawa kazi za muhula. Mmoja awe mwalimu mkuu, mmoja mwalimu wa taaluma, mmoja mwalimu mgeni asiyeona, na waliobaki walimu wa kawaida. Mkufunzi amnong'oneze mwalimu wa taaluma aseme hivi: "Huyu mwenzetu tusimsumbue; apewe vipindi viwili vya dini kwa juma." Waangalizi waandike mambo matatu: nani alizungumza juu ya mgeni, nani alizungumza naye, na ni wakati gani mgeni mwenyewe aliulizwa anaweza nini.

Mara nyingi igizo hilo litadhihirisha jambo moja, nalo ndilo kanuni tunayotaka ikae vichwani: muulize kwanza, ndipo upange. Hakuna anayeujua ulemavu wa mtu kuliko yeye mwenyewe, na watu wawili wasioona hawafanani katika njia zao za kufanya kazi.

Wanachuo wenye busara watauliza: je, huku si kuwabebesha walimu wengine mzigo? Swali hili lisizimwe. Ni kweli kwamba kusomea mwenzako madaftari hula muda. Msaada unaotolewa kwa hisani tupu huchosha mtoaji na kumdhalilisha mpokeaji. Kwa hiyo uandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote, na ubadilishwe kwa kazi. Anayesoma madaftari ya mwenzake kwa vipindi viwili apunguziwe vipindi viwili vya masimulizi, nyimbo au lugha, ambavyo mwenzake atamfundishia. Hapo hakuna mdai wala mdaiwa.

Kanuni hiyo hiyo yafaa kwa wengine. Sheria ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake. Ratiba iliyopangwa kwa kuzizingatia saa hizo haina ugomvi. Ratiba iliyozisahau humfanya mama aonekane mtoro.

Maswali ya tathmini

1. Chagua kazi tatu za mwalimu wa zamu. Eleza kiini cha kila moja.
2. Shirika moja lina wafanyakazi 200. Kwa asilimia 3, wenye ulemavu wasipungue wangapi? Je, idadi hiyo ikitimia, usawa umekwisha kupatikana? Toa sababu.
3. Andika ratiba ya juma moja ya walimu wawili wanaobadilishana kazi, mmoja wao akiwa haoni.

Hitimisho

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na vidole vya mkono, kama tujuavyo, havilingani. Chumba cha walimu hakitajengwa kwa kuwaweka kando waliotofautiana nasi kisha tukawaita wapumzike. Kitajengwa kwa kumpa kila mmoja kazi kamili na njia ya kuitimiza. Tunawaomba wakufunzi wenzetu walijaribu somo hili, walirekebishe kwa mazingira ya vyuo vyao, na kuwauliza wanachuo warudipo kutoka mazoezini: mwalimu mwenye ulemavu uliyemkuta huko alikuwa na vipindi vingapi?